Gari Iliyo Juu ya Mawe: Jinsi ya Kuikongoa Nyumbani Bila Kuacha Sumu Uani

Ukipita Fuoni, Kwarara, Tomondo au Kisauni hapa Unguja, au ukivuka bahari ukafika Wete na Chake Chake kule Pemba, hukosi kuiona gari iliyowekwa juu ya mawe. Tairi zimeshatoka, taa zimepata ukungu, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na mwembe unaimwagia majani msimu hadi msimu. Mwenyewe hakukusudia kuitupa. Aliiweka kwa muda tu, akingoja spea. Spea ikachelewa, hewa ya chumvi ikaingia kazini kwenye sakafu na chini ya milango, na fundi alipokuja kuitazama tena akasema pesa ya kuifufua inatosha kununua nyengine.

Hapo ndipo yanapoanza mazungumzo ya kuivunja, na swali la kwanza huwa ni moja: nitapata shilingi ngapi? Ni swali la halali, na nitalijibu. Lakini nimeona mara nyingi kwamba swali hilo likitangulia, kazi yote huenda kinyumenyume. Mtu huanza na kinachouzika: anang'oa injini, anakata nyaya, anauza rimu. Oili humwagika huko huko, betri huachwa pembeni ya ukuta, tangi la petroli hubaki limefunguka. Kinachouzika kitaondoka kisiwani. Kisichouzika kitabaki uani kwako, na katika gari hicho ndicho chenye sumu. Kwa hiyo kazi ianze na kisichouzika.

Fedha iliyobaki Japani

Gari zetu nyingi zilianza maisha yao Japani na zikaja huku zikiwa zimeshatumika. Japani ina sheria ya urejelezaji wa magari iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika kikamilifu Januari 2005. Kwa sheria hiyo, mwenye gari hulipa mapema fedha ya kugharamia vitu vitatu visivyo na soko siku gari itakapovunjwa: gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa ya usalama, na takataka zinazobaki baada ya bodi kusagwa. Fedha hiyo huwekwa amana. Gari ikisafirishwa nje ya nchi kabla haijavunjwa, aliyeisafirisha anaruhusiwa kuidai amana hiyo arudishiwe.

Maana yake ni kwamba gari inashushwa bandarini Malindi pamoja na gesi yake, mifuko yake ya hewa na plastiki zake zote, na ile fedha iliyotengwa kwa ajili ya kuviondoa imebaki kule kule. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2000, unataka tangu 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari iliyokufa itumike tena au irejelezwe kwa njia moja au nyengine. Sisi tunaipokea gari katika umri wake wa mwisho, na chuma chake kwa kawaida husafirishwa Bara kwenda kuyeyushwa. Siwalaumu wanaoagiza magari. Bila ya magari hayo, mgonjwa wa Makunduchi hafiki Mnazi Mmoja kwa wakati. Nalisema hili ili ieleweke kwamba gharama ya mazishi ya gari imehamia kwa mwenye nyumba, naye hakuna aliyemwambia.

Kabla ya kushika spana

Jiulize kwanza kama kuna haja ya kuikongoa wewe. Fundi anayeuza spea kuukuu anaweza kuinunua gari nzima, akaja na gari ya kuvutia akaichukua. Atakupa kidogo kuliko jumla ya vipande, lakini atachukua na matatizo. Kama gari ni ya aina inayotembea sana barabarani, kwa mfano Noah, Probox, Vitz au Escudo, spea zake zina wateja na inafaa kuhangaika nayo. Kama ni ya aina adimu, utakaa na milango na viti mpaka vikuchoshe. Na kama huna uwanja wa wazi, au gari imebanana na dirisha la jirani au na kisima, iuze nzima, hata kwa bei ya kukata tamaa.

Ukiamua kuikongoa, tafuta kadi ya gari kabla ya kitu chochote. Wanunuzi wa vyuma chakavu wana haki ya kukuuliza ushahidi kwamba gari ni yako, kwa sababu wizi wa nyaya na mifuniko ya mashimo umeitia doa biashara nzima. Nenda na kadi na vibao vya namba kwenye ofisi inayoshughulikia usajili wa vyombo vya moto, ueleze kwamba gari inavunjwa, na uombe ifutwe katika daftari. Usiviuze vibao wala kuvitupa jalalani. Gari ambayo bado ina jina lako inaweza kutokea kesho kwenye ajali au kwenye kesi, na atakayeulizwa ni wewe. Piga picha namba ya chesisi ingali mahali pake. Baada ya msumeno kupita hutaweza kuithibitisha tena.

Ardhi iliyo chini ya gari

Mtu aliyezoea udongo mzito wa Bara anaweza kudhani oili ikimwagika hukaa juu, ikakauka, yakaisha. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Kwenye maweni, udongo ni mwembamba na chini yake kuna nyufa, mashimo na mapango. Maji ya mvua huzama humo kwa haraka bila kuchujwa vya kutosha, na kinachomwagwa juu huyafuata. Na maji tunayokunywa yanatoka huko huko chini. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini. Leo ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, inategemea chemchemi na visima, na nyumba nyingi za wilaya za Magharibi zina visima vyao wenyewe, hatua chache kutoka mahali gari ilipoegeshwa. Pemba ina vilima na udongo mzito zaidi katika sehemu nyingi, lakini huko maji hutelemka na kuingia mabondeni kwenye mipunga.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likieleza kwamba oili inayotoka kwenye gari moja katika kubadilisha mara moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani karibu lita 3,800,000. Oili yenyewe ni lita tatu au nne. Ndiyo maana nasisitiza mahali pa kufanyia kazi. Penye sakafu ya saruji ndipo pazuri. Kama hakuna saruji, tandika turubai zito au nailoni nene, juu yake mwaga unga wa mbao au mchanga mkavu unaoweza kuuzoa baadaye. Usianze wakati wa masika. Mvua moja ya Aprili ikikukuta na gari nusu imefunguliwa, itaosha kila kitu na kukipeleka usikokutaka.

Halafu gari yenyewe. Wengi huiinua kwa jeki na kuipumzisha juu ya tofali za saruji, kisha wakaingia chini. Tofali la saruji halitoi onyo: haliinami wala halilii, hupasuka tu ghafla, na aliye chini hapati nafasi ya kutoka. Tumia stendi za chuma au magogo mazito ya mvinje au mwembe yaliyopangwa kwa kupishana. Tairi ulizozitoa zilaze chini ya ubavu wa gari zikiwa na rimu zake. Magogo yakiteleza, gari itatua juu ya rimu badala ya kifua chako.

Vimiminika, na vyote visichanganywe

Andaa madumu yenye vifuniko, kila kimiminika na dumu lake, na uyaandike kwa kalamu ya wino mzito. Oili iliyochanganyika na petroli au na maji ya rejeta hakuna atakayeitaka tena.

Oili ya injini hutoka kwa nati iliyo chini kabisa ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Kwenye Toyota nyingi nati hiyo ni ya spana namba 14. Tumia spana ya pete, maana spana ya mdomo huila nati iliyopata kutu. Fungua kwa mkono mmoja huku umekandamiza nati juu, kisha iondoe kwa ghafla, la sivyo oili itashuka na mkono mpaka kwapani. Gari iliyolala muda mrefu oili yake huwa nzito, kwa hiyo iache idondoke usiku kucha. Toa na chujio, uligeuze likae juu ya dumu, kwani hubakiwa na oili nyingi ndani. Baada ya hapo ni gia boksi, difu na usukani wa mafuta. Gia boksi ya otomatiki peke yake inaweza kubeba mafuta mengi kuliko injini, na watu wengi huisahau mpaka siku wanapoiburuza na kuacha mstari mwekundu uani kote.

Oili chafu hapa kwetu ina kazi nyingi: inapakwa boriti ili mchwa wasizile, inapakwa fremu za kufyatulia tofali, wengine huipaka hata mbao za chombo. Mafundi wa chombo wana sifa, mafuta ya papa waliyoyatumia wazee kwa karne nyingi, na hayo hayaui bahari. Oili iliyopita kwenye injini imebeba vumbi la madini na masizi ya moto. Isipakwe kitu kinachogusa maji, chakula au mnyama. Mpelekee mwenye gereji anayekusanya kwenye mapipa, na muulize inakokwenda.

Maji ya rejeta nayaogopa kuliko oili, kwa sababu oili inajitangaza na haya yanavutia. Kama mwenye gari alikuwa akitia maji ya bomba tu, utapata maji ya kutu. Lakini kama ni dawa ya rejeta ya kijani au nyekundu, ina ethilini glaikoli, na ladha yake ni tamu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kumuua paka. Mbuzi anayezurura atayanywa, na mtoto naye atayaonja. Yasikae hata dakika tano kwenye beseni lililo wazi.

Mafuta ya breki ni kidogo, lakini hubabua ngozi na rangi. Vaa glavu na linda macho. Petroli itolewe asubuhi, mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu mwenye sigara. Usiivute kwa mdomo. Petroli kidogo ikipita njia ya pumzi huunguza mapafu, na si jambo la kuponeshwa kwa maziwa. Pampu ya mkono ya plastiki haigharimu kitu mbele ya hilo.

Betri, risasi na mvuvi

Betri ndiyo itoke mwanzo kabisa, kabla hata ya oili. Nimeichelewesha hapa kwa sababu ina mengi. Spana namba 10, toa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche juu ya chombo kinachoweza kuwa kimetoa haidrojeni. Tindikali yake ikimwagika, nyunyizia magadi au jivu mpaka iache kutoa povu, kisha suuza. Ibebe ikiwa imesimama wima.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi ina mteja pwani. Mvuvi anahitaji chubwi za nyavu na mishipi, na betri kuukuu inazo kilo kadhaa. Kwa hiyo betri hupasuliwa kwa shoka, tindikali humwagwa chini, na risasi huyeyushwa kwenye sufuria kuukuu uani, watoto wakitazama kwa sababu inapendeza kuiona ikigeuka maji. Nawaomba wavuvi na wazee wa mitaa walitazame jambo hili kwa uzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi. Moshi wake huvutwa, vumbi lake hutua kwenye mchanga anaochezea, na mkono wa mtoto huenda mdomoni mchana kutwa.

Mfano wa karibu uko Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza mapambano baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ukifungua betri moja uani hujawa kiwanda, lakini risasi ni ile ile na mtoto ni wako. Iuze ikiwa nzima. Wauza betri mpya na wanunuzi wa chakavu huipokea kwa kilo au kwa kupunguza bei ya betri mpya, na betri nzima ina bei nzuri bila ya kupasuliwa.

Vinavyoruka, vinavyoganda na vinavyolipuka

Kiyoyozi cha gari nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 kina gesi ya R-134a. Kilo moja yake ikiachiwa hewani hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,300 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kwetu sisi wa visiwa vya chini, ambao bahari inatula ufukwe, hilo si jambo la mbali. Kwa mwenye spana hatari iko karibu zaidi: ukilegeza nati ya paipu ingali na msukumo, gesi hutoka kwa baridi ya kugandisha jicho, na ikikutana na moto hugeuka mvuke wenye sumu. Mwite fundi wa viyoyozi mwenye geji aipime. Mara nyingi gari iliyolala miaka mingi gesi yake imeshavuja. Kama bado ipo, anaivuta kwa mashine na kuitia kwenye mtungi.

Mifuko ya hewa ndiyo watu wanayoichezea zaidi bila kujua. Ndani ya usukani na mbele ya abiria mna baruti ndogo inayojaza mfuko kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mikanda ya viti vya mbele nayo, katika gari nyingi, ina baruti ya kuivuta. Umeme hubaki kwenye mfumo hata baada ya betri kutoka. Miongozo ya Toyota hutaka ungoje angalau sekunde 90. Mimi nasema nenda ukanywe chai, urudi. Nyaya zake zina soketi za njano. Soketi hiyo ichomolewe, isikatwe, na isipimwe kwa mita ya umeme, maana betri ndogo ya mita inaweza kutosha kuilipua. Ukiushika mfuko, upande wa jalada utazame mbali nawe. Ukiuweka chini, jalada liangalie juu. Ukiulaza kifudifudi na ukalipuka, chuma chote kitarushwa juu. Usimuuzie mtu mfuko kuukuu kwa ajili ya gari nyengine, wala usiutie kwenye moto. Mkabidhi fundi wa umeme wa magari anayejua kuumaliza salama.

Springi za mbele nazo zina nguvu za kumvunja mtu taya. Shokapu yenye springi yake itolewe ikiwa nzima kwa kufungua boli tatu za juu na mbili za chini, na nati ile ya katikati isiguswe bila kibanio maalumu. Ngoma za breki zisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Gari za zamani zilitumia asbesto kwenye pedi, basi lowanisha, kisha futa kwa kitambaa.

Na tangi la petroli. Lililojaa lina mafuta, tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali kuliko yoyote tutakayoiona hapa, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya penye bonde. Usilikate tangi kwa grenda wala gesi, hata kama lilimwagwa mwaka jana. Lifungue mikanda yake, liondoe zima, liache kivulini mdomo wazi, mbali na nyumba. Kazi yoyote ya cheche ianze tangi likiwa halipo tena pale.

Sasa pesa

Gari iliyokwisha kutolewa sumu ni mali safi na unaweza kuifanyia kazi kwa raha. Gari ndogo ina uzito wa karibu tani moja, Noah hukaribia tani moja na nusu, na takriban theluthi mbili za uzito huo ni chuma cha kawaida, ambacho bei yake kwa kilo ndiyo ya chini kuliko vyote. Faida iko kwenye kilichobaki.

Spea zinazofanya kazi huuzwa kwanza na kwa subira: alteneta, stata, taa, saitimira, vioo vya milango, injini kama inazunguka. Alteneta iliyokufa ina shaba ndani, kwa hiyo isitupwe kwenye rundo la chuma. Tembea na sumaku mfukoni. Isiposhika kwenye rimu, kwenye kifuniko cha injini au kwenye ganda la gia boksi, hiyo ni aluminiamu, iweke peke yake. Rejeta za zamani ni za shaba, mpya ni aluminiamu yenye ncha za plastiki. Plastiki ukiitoa, bei inabadilika. Mnunuzi akikuta mchanganyiko atakulipa bei ya kile cha chini kabisa, na huwezi kumlaumu.

Nyaya za gari zina kilo kadhaa za shaba, na hapa ndipo vijana wanapofanya jambo linaloniuma. Huzikusanya, huzitia moto jioni pembeni ya kiwanja, plastiki ikateketea, wakaokota shaba. Plastiki ya nyaya nyingi ina klorini, na ikiungua katika moto hafifu wa namna hiyo hutoa dayoksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi na kusababisha saratani. Tena shaba iliyoungua hupoteza bei kwa kuwa imepata ngozi nyeusi. Nyaya nene zichunwe kwa kisu. Nyembamba ziuzwe na plastiki yake. Kazi ni ndefu, ila inalipa kwa kilo na hakuna anayeugua.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi huuza bila kujua thamani yake. Katikati ya bomba la moshi, au karibu kabisa na injini, pana kitungi cha chuma cha kusafishia moshi (catalytic converter), na ndani yake mna kauri yenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Kauri hiyo imepakwa kiasi kidogo cha platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayopimwa kwa gramu duniani kote. Mnunuzi mjanja atakiweka kwenye mizani pamoja na chuma. Kikate pembeni bila kukipasua, kiweke mbali, uliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja. Kilichotengenezwa na kiwanda cha gari kina thamani kuliko cha badala, na vumbi lake lisivutwe.

Mwisho bodi. Kama mnunuzi ana gari ya kuibeba nzima, muachie aikate mwenyewe. Ukiikata wewe, toa kwanza viti, zulia na sponji, kwa sababu cheche ya grenda hujificha ndani ya sponji na kuamka usiku. Vioo vya mbele havivunjiki vipande kwa sababu ya utandu ulio katikati, kwa hiyo vitoke vizima; vya ubavuni hugeuka punje ukivigonga, basi viteremshe na kuvifungua kwa boli.

Kitakachobaki

Viti huhamia barazani na kwenye vibanda, na ni matumizi mazuri. Plastiki za dashibodi na bampa hazina mteja mkubwa. Zipeleke kwa utaratibu wa manispaa yako au baraza la mji ili ziishie kwenye jaa rasmi kama Kibele, zisitupwe mikokoni. Kwa madumu yasiyopata mchukuaji, uliza ZEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2015. Watu wakiuliza kwa wingi, ndipo itakapolazimika kuwepo sehemu ya kukusanyia yenye kujulikana, Unguja na Pemba, na naamini hilo ndilo linalotukosa kuliko vyote. Hata wanaoagiza magari wangeweza kuchangia kituo hicho, kama wenye magari wa Japani wanavyochangia urejelezaji wa kwao.

Tairi zitobolewe chini mara tu zinapotoka, au zikatwe. Tairi iliyolazwa hushika maji ya mvua kivulini, na mbu wa Aedes, anayeeneza kidingapopo, hutaga humo. Mayai yake huvumilia ukavu miezi kadhaa na kuanguliwa mvua inaporudi. Fundi wa katambuga atazichukua, na wenye vyombo huzitaka za kufungia ubavuni penye gati. Kuzichoma ni kumpa jirani moshi mweusi ambao hana pa kuukimbilia.

Ukishamaliza, pitisha sumaku juu ya ardhi yote, maana boli na vipande vya msumeno hungoja mguu wa mtoto. Kisha angalia penye weusi. Chimba mpaka rangi na harufu ya oili viishe, hata kama ni shubiri mbili, utie udongo huo kwenye mifuko na uuhesabu pamoja na takataka za gari. Usiufukie chini ya mgomba wala karibu na kisima. Mahali hapo pajazwe udongo mpya, na usipande mboga mpaka mvua kadhaa zimepita na maji yanayotuama juu yake hayaoneshi tena rangi za mafuta.